Umri Usiotajwa
Ibara ya 16 ya Katiba ya Rwanda inakataza ubaguzi na kuorodhesha misingi yake: kabila, ukoo, rangi, jinsia, dini, lugha, ulemavu. Umri haukutajwa, umeachiwa maneno “aina nyingine yoyote”. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27, inautaja waziwazi.

Wengine watasema maneno hayo ya jumla yanatosha. Kwa mwanasheria, huenda. Lakini mama wa Nyamyumba mwenye miaka 45, anayeulizwa kwenye usaili “umezaliwa lini?” kabla ya “unajua kazi gani?”, hana kifungu cha kumwonyesha msaili.

Sera ya vijana humkoma mtu akiwa na miaka 30. Pensheni humpokea akifika 60. Hapo katikati ataishi kwa nini? Sheria iutaje umri.