Papasa Ngozi Kabla ya Kuongeza Dozi

Mgonjwa anajichoma insulini kila siku bila kukosa, chai anakunywa bila sukari, na bado mashine ya kupimia sukari inasoma milimoli 16 kwa lita leo asubuhi na 4 kesho yake. Kwanza hulaumiwa chakula, kisha dozi. Mimi ningeanza kwa kuiangalia ngozi anayoichoma.

Insulini inatakiwa itue kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Ikifika kwenye msuli hunyonywa haraka na sukari inaweza kuanguka ghafla, hasa kama mtu anakwenda shambani au anatembea kwa miguu. Ndiyo maana urefu wa sindano una uzito. Sindano ya kalamu ya milimita 4 huwatosha watu wazima karibu wote, wanene kwa wembamba, nayo huchomwa wima. Sindano za bomba kwa kawaida ni ndefu zaidi. Kwa hizo, inua ngozi kwa kidole gumba na cha shahada bila kuukamata msuli, na kwa mtoto au mtu mwembamba ilaze sindano nyuzi 45. Ukimaliza kusukuma dawa kwa kalamu, hesabu hadi kumi ndipo uchomoe, la sivyo sehemu ya dozi itadondokea nje.

Tumbo, mbali kidogo na kitovu, mapaja upande wa mbele na wa nje, matako na nyuma ya mkono wa juu: zote ni sehemu nzuri. Tatizo ni mazoea. Sehemu iliyochomwa kila siku hupoteza hisia, haiumi tena, na kwa sababu haiumi mtu huipenda na kuirudia. Lakini insulini yenyewe huyachochea mafuta yakue. Taratibu hujengeka kivimbe, mara laini kama sponji, mara kigumu, na pengine hakionekani kwa macho. Insulini inayoingia humo hunyonywa bila mpangilio, leo kidogo, kesho kwa mkupuo.

Hapo hatari hujificha. Daktari anaona 16, anaongeza dozi, na kivimbe kinameza nyongeza hiyo. Siku mgonjwa anapohamia kwenye ngozi nzima, dozi ile kubwa inafanya kazi yote, na sukari inaporomoka. Kwa hiyo ukigundua uvimbe, acha kuuchoma, ila zungumza kwanza na kliniki yako kuhusu kupunguza dozi, na siku hizo pima mara nyingi zaidi. Mtetemeko, jasho jembamba, njaa ya ghafla au kipimo chini ya 4 vinadai sukari mara moja: vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asitiliwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Ligawe tumbo robo nne, tumia robo moja kwa wiki, na kila sindano iwe upana wa kidole kutoka ile ya jana. Kabla ya kuchoma, papasa kwa ncha za vidole.

Maumivu nayo yana sababu zake. Dawa iliyotoka friji sasa hivi huuma. Iache ipoteze ubaridi. Spiriti isiyokauka huwasha. Sindano iliyokwisha kutumika huwa butu, na kuirudia huchangia vivimbe vile vile. Najua bei ya sindano huwabana wengi, lakini kuazimana sindano au kalamu, hata mume na mke, kusifanyike kamwe: virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini hupita humo.

Wanaotumia kichupa wasome maandishi yake. Insulini ya yuniti 100 kwa mililita inahitaji bomba la 100. Ukiivuta kwa bomba la 40 hadi alama ya 20, umechukua nusu mililita, yaani yuniti 50. Kosa hilo linaweza kuua. Insulini yenye ukungu iviringishe viganjani hadi rangi ilingane, usiitikise.

Kuhusu joto, kuna habari njema kutoka kwetu. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Kenya, wakaliiga maabara, kati ya nyuzi 25 na 37, na insulini ikabaki na nguvu yake kwa wiki nne. Vichupa visivyofunguliwa vikae kwenye friji; cha kutumia kikae kwenye mtungi wa udongo kivulini, kikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Insulini ikiwahi kuganda, itupe.

Nazidai kliniki zetu jambo moja: kila mgonjwa anayeandikiwa nyongeza ya dozi, tumbo lake liguswe kwanza. Kazi hiyo haihitaji mashine, na muuguzi anaweza kuifanya wakati mgonjwa angali kitini akisubiri majibu ya damu.