Hesabu ya Tangi na Tanga

Aprili 22, 1969, Robin Knox-Johnston, baharia wa Kiingereza, aliingia Falmouth baada ya kuizunguka dunia peke yake siku 312 bila kuingia bandari yoyote. Chombo chake, Suhaili, kilikuwa cha mbao za msaji, hakifiki mita 10, nacho kilijengwa Bombay. Alikwenda maili zaidi ya 30,000, na ukizigawa kwa saa alizokaa majini unapata wastani wa maili 4 kwa saa. (Maili zote humu ni za baharini, mita 1,852 kila moja.)

Tumfanyie hesabu ambayo yeye hakuwa na haja nayo. Tuseme mwendo uleule angeupata kwa mashine ndogo ya dizeli, isiyo na uroho, inayokula lita moja na nusu kwa saa. Siku 312 ni saa 7,488. Dizeli itakayoteketea inapita lita 11,000, yaani tani 9 na ushei, uzito unaokaribia wa chombo chenyewe. Angeondoka Falmouth na maji yakiwa yamefika sitahani.

Ubishi wa mashine na tanga hauishi kila wanapokutana watu wa vyombo, na mara nyingi huanzia kwenye kasi, mahali ambapo hakuna cha kubishania. Chombo kinachokwenda kwa kupasua maji, si kwa kuyapanda juu kama boti za mwendo kasi, kina kikomo chake. Chukua urefu wake pale maji yanapogusa, kwa mita, utafute kipeuo cha pili, kisha uzidishe kwa 2.43. Chombo cha mita 9 majini kikomo chake ni maili 7 na kidogo kwa saa. Cha mita 16 kinafika 9.7. Ukikaribia hapo, mawimbi ya chombo chenyewe yanakikalisha tezi chini, na nguvu zote unazoongeza zinaishia kwenye povu. Kinachosukuma kikiwa upepo au kikiwa dizeli, kikomo ni hichohicho. Jahazi la tanga lenye kaskazi nzuri mgongoni haliachwi mbali na jahazi la mashine la urefu wake.

Tofauti iko chini ya kikomo, na hapo ndipo nahodha wa mashine anapopaswa kukaa na kalamu. Nguvu inayotakiwa hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi: ukiongeza mwendo kidogo, ulaji unapanda sana, na ukipunguza kidogo, unashuka sana. Chukua mashua ya safari ya mita 12, mashine yake ya nguvu za farasi 40, inayotoka Mombasa kwenda Mahe, Ushelisheli. Safari hiyo ni maili 950 hivi. Tangi lina lita 300, na juu ya sitaha kuna madumu matano ya lita 20. Kwa mwendo wa maili 5 na nusu kwa saa, mashine inakula kama lita 2.5. Safari nzima ni saa 173 na inataka lita 432. Anazo 400. Atakatikiwa njiani zikiwa zimebaki kama maili 70, maji yakiwa ya kina kisichoshikika kwa nanga.

Apunguze sasa maili moja tu, aende 4 na nusu. Ulaji unashuka hadi lita moja na nusu kwa saa, hata ukiuhesabu kwa ukarimu. Safari inakuwa saa 211, siku tisa kasoro badala ya saba na kidogo, na dizeli inayotakiwa ni lita 317. Anafika na akiba. Nimeona watu wazima wakiikataa hesabu hii kwa sababu moyo unaona kwamba kukaa muda mrefu zaidi baharini lazima kule mafuta zaidi. Karatasi inasema vingine. Ila karatasi hiyo ni ya bahari shwari. Upepo wa omo wa maili 20 kwa saa, na mawimbi mafupi ya kupiga puani, vitaifanya mashine hiyohiyo ihangaike kupata maili 3, na dizeli itakwenda kama ya maili 6.

Manahodha wa majahazi walilijua tatizo la upepo wa omo zamani sana, na dawa yao ilikuwa kutokutana nalo. Mwishoni mwa 1938 Alan Villiers, Mwaustralia aliyekulia kwenye meli za matanga, alipanda Aden bumu la Kuwait lililoitwa Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi. Walishuka na kaskazi: pwani ya Hadhramaut, Hafun, Mogadishu, Lamu, Mombasa, Unguja, kisha delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Walirudi Ghuba na kusi, na Kuwait walifika katikati ya 1939. Ukiangalia kalenda yao, safari haikuwa ya kwenda tu. Muda mwingi uliliwa na bandari, biashara, na kungoja upepo ugeuke.

Kaskazi hushika kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba. Katikati ni maleleji, upepo usio na msimamo. Chini ya upepo kuna mkondo, na mkondo hausahau nauli. Ule wa pwani yetu hukimbilia kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaweza kupita maili 4 kwa saa. Ule wa Somalia hugeuka pamoja na msimu: kaskazi ikishika unashuka kusini, kusi ikishika unapanda kwa nguvu kubwa zaidi. Anayetoka Unguja kwenda Maskati, maili 2,200 hivi kwa njia ya Ras Hafun, akiondoka Aprili anapewa upepo na mkondo kwa pamoja. Akichelewa hadi Juni atavikuta vyote viwili, lakini bahari itakuwa imechafuka kiasi kwamba vyombo vingi vya mbao zamani vilibaki bandarini. Ndiyo maana watu wa Bayan waliharakisha kupakia boriti.

Lau wangejaribu kurudi kwa kupiga bisho, hesabu ingewaua. Tanga la jahazi ni bora upepo ukiwa nyuma au ubavuni, lakini halipendi kukazwa joshi. Chombo kinachokwenda nyuzi 60 kutoka upepo unakotoka hulazimika kukata maili 2 za maji kwa kila maili moja ya mbele. Mashua ya kisasa inayoweza nyuzi 45 hukata 1.4. Na foromali ya jahazi kubwa haipinduliwi kirahisi. Nahodha hukipa chombo mgongo wa upepo, akakizungusha, huku mabaharia wakiisimamisha foromali na kulipitisha tanga mbele ya mlingoti kwa nguvu za mikono mingi. Kila mzunguko unarudisha chombo nyuma. Ongeza mkondo wa maili 2 dhidi yako, na unaweza kushinda kutwa nzima mkabala na mnazi uleule.

Mashine ilikuja kuvunja kifungo hicho cha tarehe za pepo. Baada ya Vita Kuu ya Pili majahazi ya Ghuba, ya Bara Hindi na ya pwani yetu yalianza kuwekewa dizeli, moja baada ya jingine. Tezi ilitobolewa kupitisha shafti, mlingoti ukafupishwa, foromali ikapungua, na mabaharia wakapungua nayo, maana haihitaji watu ishirini kuwasha mashine. Kwa mwenye chombo hilo peke yake lilitosha. Chombo kilichokuwa kikifanya safari moja kwa mwaka sasa kiliweza kurudi bila kungoja msimu. Kililipa kwa dizeli, kwa fundi, na kwa nafasi ya shehena iliyomezwa na chumba cha mashine na tangi. Anayesema upepo ni wa bure asisahau pia kwamba chakula cha mabaharia wanaongoja upepo hakijawahi kuwa cha bure.

Kuvuka bahari kuu kwa dizeli tupu inawezekana. Robert Beebe, ofisa mstaafu wa jeshi la maji la Marekani, alisanifu chombo cha mita 15 alichokiita Passagemaker, kikajengwa Singapore, na mwaka 1963 akakipeleka Mediterania kwa njia ya Bahari ya Hindi na Suez. Aliufuata mkondo wa hesabu ileile ya Mahe: umbo jembamba, mashine ndogo, matangi makubwa, na nidhamu ya kukaa chini ya kikomo cha kasi. Hata hivyo aliweka matanga ya dharura. Wanaomsifu siku hizi hununua vyombo vinene vyenye mashine mbili za nguvu nyingi, kisha wanashangaa kwa nini hawafiki mbali. Walichukua mashine yake wakaacha kalamu yake.

Kwa wengi wetu wenye chombo cha tanga na dizeli ndogo chini, mashine ina gharama hata ikiwa imezimwa. Rafadha ya mapanga matatu isiyokunjika, ikiburuzwa majini wakati wa tanga, inaweza kula nusu maili hadi maili nzima kwa saa. Katika safari ya siku tisa hiyo ni siku nzima na zaidi. Vyombo vya zamani vyenye rafadha ya mapanga mawili nyuma ya mkuku vina ujanja rahisi: unachora alama ya rangi kwenye shafti ndani ya ngama, ukizima mashine unaizungusha shafti kwa mkono hadi alama ije juu, kisha unaifunga. Mapanga yanasimama wima nyuma ya mkuku, maji hayayaoni.

Jambo la pili ni uchafu. Mashine ya dizeli haifi bandarini ambako fundi yuko. Inakufa bahari ikichafuka, kwa sababu za wazi kabisa. Mashapo na maji yaliyotulia chini ya tangi miezi kadhaa yanakorogwa na mawimbi, yanavutwa kwenye chujio, nalo linaziba. Dizeli ya madumu hubeba maji zaidi ya watu wanavyodhani. Kikombe cha kioo chini ya chujio kitakuonyesha: dizeli juu, maji chini, na mstari mweusi katikati ambako vijidudu hustawi. Kikombe hicho kimwagwe kila siku, na mtu chomboni ajue kubadili chujio na kutoa hewa kwenye mfumo gizani huku chombo kikiyumba. Asiyejua ana chombo cha tanga chenye farumi ghali.

La tatu ni kuwasha mashine saa mbili kila jioni kwa ajili ya betri tu. Dizeli inayozunguka bila mzigo haipati joto la kutosha. Masizi yanaganda, silinda inang'aa, na baadaye inaanza kunywa oili. Paneli za jua zimeondoa sababu ya kufanya hivyo, lakini tabia imebaki. Ukiwasha, tia gia, na ulipe tanga kuu kazi huku mashine ikisaidia. Ukiachia nyuzi 20 au 25 pembeni ya upepo wa omo, tanga lililokazwa linatuliza kuyumba, rafadha inakaa majini, na mwendo unapanda kuliko kuisukuma pua ndani ya wimbi.

Nahodha wa Mahe basi, akiwa na tanga pia, azigawe lita zake 400 kabla ya kung'oa nanga. Theluthi ya kwanza ni ya kutoka Kilindini na kuvuka mkondo wa pwani kwa haraka, kabla haujamvuta kaskazini ya njia yake. Theluthi ya pili ni ya maleleji, nayo iguswe tu pale tanga linapopigapiga bila kushika upepo na mwendo ukiwa umeshuka chini ya maili 2 kwa saa, kisha aende 4 na nusu, si zaidi. Ya tatu ikae kwenye tangi hadi mwamba na mlango wa bandari viwe mbele yake.