Taa inawaka, mota kimya

Kichwa cha treni cha kuchezea kililetwa kwenye meza ya fundi mmoja hapa Kyambogo kikiwa na ugonjwa unaopoteza wengi. Ukikiweka relini na kufungua umeme, taa ya mbele inawaka safi, lakini magurudumu hayazunguki. Ukikisukuma kwa kidole kinajikokota kidogo, kisha kinakwama. Mwenyewe alikwisha kuamua kwamba mota imeungua, na alikuwa akiulizia nyingine.

Kwanza ilifunguliwa mota peke yake, nyaya zake zikachomolewa, ikaguswa na betri ya volti 9. Ikazunguka bila kusita. (Kichwa chenye kadi ya kidijitali kisipimwe hivi kabla ya kuitoa kadi, maana betri inaweza kuiua.) Basi mota haina kosa. Kosa liko njiani.

Njia hiyo ni fupi. Transfoma inatoa volti 12 za mkondo mnyoofu, kama wa betri. Umeme unaingia kwa reli moja, unapanda gurudumuni, unachukuliwa na ulimi mwembamba wa shaba unaosugua nyuma ya gurudumu, unafika kwenye kaboni za mota, kisha unarudi kwa magurudumu ya upande wa pili hadi reli ya pili. Treni za umeme za Dar es Salaam hadi Morogoro, zilizoanza kubeba abiria Juni 2024, huchukua umeme wa volti 25,000 kwenye waya wa juu. Reli ni ya kurudishia tu. Hiki kidogo kinategemea reli kwenda na kurudi, kwa hiyo uchafu unakipata mara mbili.

Hapa ndipo mita inapomhadaa fundi. Ukipima kwenye ncha za waya mota ikiwa imechomolewa, unasoma 12 kamili, na unaapa kwamba umeme unafika. Lakini mita ya kidijitali hainywi karibu chochote, na pasipo mkondo hakuna volti inayopotea. Mota iliporudishwa, ncha zile zile zilisoma 3. Mota hii ikiwa imesimama ina omu 10, kwa hiyo ilikuwa inapata amperi 0.3, na volti 9 zilikuwa zikiliwa na omu 30 zilizojificha mahali fulani. Taa ya LED, inayochukua umeme kwa ulimi mwingine na kutosheka na miliamperi 10, ingepoteza volti 0.3 tu hata kwenye omu kama hizo. Ndiyo maana iling'aa bila shida.

Kuzisaka omu hizo hakuhitaji kubomoa kitu. Umeme ukiwa umewashwa na mota imeunganishwa, mita huwekwa kati ya reli na gurudumu, kisha gurudumu na ulimi, kisha ulimi na kaboni. Sehemu isiyo na kosa husoma karibu sifuri. Kati ya gurudumu moja na ulimi wake ilisoma 8. Mafuta mengi ya mashine yalikuwa yamechanganyika na vumbi jekundu na nyuzi za zulia, yakawa gamba.

Gamba lilitolewa kwa pamba yenye spiriti. Msasa ungemaliza kazi haraka, lakini mikwaruzo yake hukusanya uchafu upya, nami siupendi kabisa mahali hapa. Ulimi ulikunjwa kidogo ukandamize zaidi.

Kwa wapenzi wa vipimo: kichwa hiki ni cha 1:87, na reli zake zimeachana milimita 16.5, ambazo ukizikuza unapata milimita 1,435 za reli ya SGR ya Kenya. Reli inayopita chini ya kilima chetu kuelekea Kireka na Namanve ni ya mita moja, na anayetaka kuiiga kwa kipimo hicho anatafuta ya milimita 12.

Kipimo cha mwisho kati ya gurudumu na ulimi kilisoma 0.2, na kichwa kikaondoka kabla kitasa cha transfoma hakijafika nusu. Mafuta yaliwekwa tone moja kwenye kila ncha ya ekseli, mbali na shaba.