Neno "Kazi" na Hesabu za Kutus: Uhakiki wa Lugha ya Hojaji katika Utafiti wa Jamii

Kutus ni mji mdogo wa Kirinyaga ulio mpakani mwa nchi mbili za kilimo. Upande wa juu, kuelekea Kerugoya na msitu wa Mlima Kenya, watu hulima kahawa, na juu zaidi chai. Upande wa chini ardhi huteremka hadi tambarare ya Mwea, ambako mpunga hulimwa kwa maji ya mifereji. Mji wenyewe hautajwi sana katika vitabu vya jiografia. Hata hivyo, katika taaluma ya maendeleo ya vijijini jina lake limefika mbali kwa sababu ya makala mawili. Ya kwanza yaliandikwa na Hugh Evans na Peter Ngau, yakatoka katika jarida la Development and Change mwaka 1991. Ya pili yaliandikwa na Evans peke yake, yakatoka katika Journal of Development Studies mwaka 1992.

Hoja ya makala hayo ni rahisi kueleza. Wakulima wanapopata fedha kutokana na zao linalouzwa mbali, hununua bidhaa na huduma katika mji ulio karibu. Mji hukua na kuzaa ajira. Ajira hizo huwaletea wakulima fedha za aina nyingine. Na fedha hizo hurudi mashambani kwa njia ya pembejeo na mtaji. Huo ndio mzunguko wa neema ambao Evans aliusoma katika mji wa Kutus na viunga vyake. Pamoja na Ngau, alisisitiza kwamba mapato yasiyo ya kilimo ndiyo yanayompa mkulima nguvu na ujasiri wa kuongeza tija ya shamba lake. Hoja hiyo ilikuja wakati wake hasa, kwa kuwa Waraka wa Bunge Na. 1 wa 1986 ulikuwa umeielekeza serikali ya Kenya kwenye uwiano baina ya miji midogo na mashamba. Tangu hapo Kutus imekuwa mfano unaorudiwa na wanaojadili uhusiano wa mji na shamba, ndani ya Afrika na nje yake.

Mchumi ana maswali yake juu ya hoja hiyo. Anaweza kuuliza, mathalani, kama duka ndilo lililolinenepesha shamba au shamba ndilo lililojenga duka. Swali la mwanalugha linatangulia hilo. Hoja nzima imesimama juu ya mgawanyo wa mapato katika mafungu mawili, yaani yale ya kilimo na yale yasiyo ya kilimo. Katika Kiingereza cha wachumi mgawanyo huo una mipaka iliyokwisha kuchongwa. Lakini mkulima wa Kutus hasemi na watoto wake kwa Kiingereza cha wachumi. Husema Kigĩkũyũ cha Ndia au cha Gĩcũgũ, na sokoni au ofisini huongeza Kiswahili. Mgawanyo huo ulipita katika maneno gani kabla ya kuwa tarakimu?

Litwaliwe neno moja tu, "kazi". Mtu yeyote aliyepata kubisha hodi mashambani akiwa na karatasi mkononi anajua jibu linalotolewa na mama aliyeinuka kutoka kwenye palizi, jembe likiwa bado na udongo: "Sifanyi kazi, nalima tu." Jibu hilo halina uongo ndani yake. Tangu enzi za ukoloni "kazi" imebeba maana mbili zinazovutana. Kwa maana pana ni kila jambo linalotoa jasho. Kwa maana finyu ni ajira, kwa mwajiri na kwa mshahara. Kigĩkũyũ hakimwokoi mtafiti hapa, maana "wĩra" nalo huenda pande zote mbili: kuna wĩra wa shambani, na kuna wĩra ambao mtu husemwa ameufuata Nairobi. Msaili mmoja akiuliza kwa maana pana na mwenzake kwa maana finyu, nyumba mbili zinazoishi sawasawa zitaandikwa katika safu mbili tofauti. Baadaye kompyuta itazijumlisha bila kusita.

"Kibarua" kinatatiza zaidi. Asili yake, kama wasomaji wa jarida hili wajuavyo, ni barua ndogo, ile hati aliyopewa mfanyakazi wa muda. Leo ni kazi ya kutwa, na katika nchi ya kahawa kibarua kilicho kikubwa ni kuchuma kahawa ya jirani. Mama anayechuma kahawa ya jirani kwa malipo amepata fedha nje ya shamba lake, ila hakutoka nje ya kilimo. Wachumi hutenganisha mambo hayo mawili kwa istilahi mbili. Kiswahili cha wasaili wengi huyafunika yote kwa maneno "mapato ya nje ya shamba", na mwenye kusailiwa huitikia kwa moyo mweupe. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa kama kichekesho cha wanasarufi. Ikiwa sehemu ya fedha zilizohesabiwa kuwa za mji ilikuwa kwa kweli ujira wa kahawa, basi kilichoonekana kama mji ukilisha shamba huenda kilikuwa shamba moja likilisha jingine, na mzunguko wa neema unapungua kipenyo. Hali ni hiyo hiyo kwa muuza ndizi wa soko la Kutus ambaye mikungu mitatu ni yake na mitano aliinunua kwa majirani. Akiulizwa kama ana biashara, siku moja atakubali na siku nyingine atakataa, na siku zote mbili atakuwa mkweli.

Juu ya "mapato ya mwezi" inatosha kusema kwamba mwezi ni kipimo cha mwenye mshahara. Fedha za kahawa huja kupitia chama cha ushirika, aghalabu miezi mingi baada ya mavuno. Za mpunga huja kwa msimu. Mkulima aliyelazimishwa kuzigawa kwa 12 hatoi kumbukumbu, anafanya hesabu ya hapo kwa hapo ili mgeni aridhike.

Neno jingine lenye uzito ni "kaya". Hilo ndilo neno linalopendekezwa katika Kiswahili cha takwimu, na Tanzania limeenea hadi vijijini kwa nguvu ya utawala. Pwani ya Kenya, kwa Wamijikenda, kaya ni kitu kingine kabisa: ni makao ya kale ya wahenga, msituni. Kutus si hili wala lile. Ni neno la redio. Msaili hulazimika kulifasiri papo hapo, na Kigĩkũyũ kinampa maneno mawili ya kuchagua. "Mũciĩ" ni boma zima na watu wake. "Nyũmba" ni nyumba ya mama mmoja na watoto wake, na katika ndoa ya wake wengi kila mke alikuwa na nyũmba yake, na mashamba yake ya kulisha watoto. Sensa za Kenya huitambua kaya kwa wakazi wa mahali pamoja walio chini ya mkuu mmoja na wanaopikiwa pamoja. Ila chungu kimoja na mkuu mmoja havifuatani daima, na mfuko mmoja ni nadra kuliko vyote.

Kwamba jambo hili si nadharia tupu lilikwisha kuonyeshwa, tena kilomita chache tu kutoka Kutus. Mwaka 1973 Robert Chambers na Jon Moris walihariri kitabu kikubwa juu ya mradi wa mpunga wa Mwea, mradi ulioanzishwa katika miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau. Kwa hesabu za mavuno, mradi ulikuwa umefaulu, na wenye mashamba ya ekari nne walionekana kuwa na fedha. Sura ya Jane Hanger na Jon Moris ilienda kwa wanawake, na picha ikageuka. Malipo ya mpunga yaliingia mkononi mwa mume. Mke aliyefanya sehemu kubwa ya kazi alipewa mpunga kidogo, na ilimbidi atafute fedha za kuni na za vyakula ambavyo zamani alivilima mwenyewe. Kaya iliyotajirika kwenye jedwali ilikuwa na nyũmba yenye shida ndani yake. Ubora wa sura hiyo hautokani na ukubwa wa sampuli. Unatokana na kuwa swali lilipelekwa kwa mtu aliyekuwa na jibu. Kila mtafiti wa Kutus aliyekuja baadaye alikuwa na funzo hilo mlangoni pake, na anayesoma utafiti wowote wa "kaya" za huko ana haki ya kuuliza ni nani aliyejibu, na kwa niaba ya nani.

Kuhesabu nako kuna lugha yake. Wagĩkũyũ husimulia kwamba binti za Mumbi, chimbuko la koo zao, walikuwa kenda mũiyũru, yaani kenda iliyojaa. Mswahili anaelewa kenda, lakini hiyo kenda iliyojaa ni kumi. Kuwataja watu kwa hesabu yao kamili kulihesabiwa kuwa mkosi, hasa watoto. Haisemwi hapa kwamba wakulima wa leo huficha mtoto wa kumi. Wengi wana shahada na akaunti za benki. Inasemwa tu kwamba swali "Una watoto wangapi?" lina historia, na kwa mzee lina adabu zake pia. Kijana aliyetumwa kumwuliza mzee idadi ya ng'ombe na ekari zake anavunja heshima mara mbili kabla ya kuandika neno la kwanza.

Historia yenyewe ni nzito. Mzee aliyesailiwa Kutus katika miaka ya 1980 alikuwa ameishi enzi za Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Alikuwa ameona watu wakihojiwa mmoja mmoja mbele ya maofisa ili ijulikane nani amekula kiapo. Alikuwa amehamishiwa katika kijiji cha kulazimishwa, kisha akaona mashamba yakipimwa na kuunganishwa chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, na waliokuwa kizuizini wakikosa wa kuwasemea. Kwa mtu huyo, mgeni mwenye karatasi anayeuliza juu ya ardhi si jambo jipya. Hapa istilahi za Kiswahili zinastahili lawama kidogo. "Hojaji" limetokana na kuhoji, kitendo cha polisi na hakimu. "Dodoso" limetokana na kudodosa, yaani kuchokoachokoa mambo ya mtu. Yote mawili yamekwisha kukubalika vyuoni, wala hayatafutwa sasa. Lakini mtafiti anayejitambulisha mlangoni kwa kusema kwamba amekuja kuhoji asishangae ekari zikipungua.

Chambers, ambaye kabla ya kuwa mwanazuoni alikuwa ofisa wa utawala nchini Kenya, alirudia mambo haya katika kitabu chake cha 1983 juu ya maendeleo ya vijijini. Aliwasuta wataalamu wasioacha barabara ya lami, wanaotembelea vijiji wakati wa kiangazi, wanaozungumza na wanaume wenye vyeo, na wanaozikwa na rundo la hojaji zao wenyewe. Suto hilo lilikuwa la haki na limezaa mbinu shirikishi zinazotumika hadi leo. Hata hivyo, orodha yake mashuhuri ya upendeleo wa mtafiti haina kifungu cha lugha. Inamwonya mgeni juu ya mahali anaposimama, msimu anaokuja na mtu anayemkuta. Haimwonyi juu ya neno analotumia, wala juu ya mkalimani anayelibadili njiani. Ni pengo la ajabu kwa mtu aliyefanya kazi katika nchi yenye lugha nyingi kiasi hiki.

Wanalugha, kwa upande wao, hawana usafi wa kujivunia. Language in Kenya, kitabu kilichohaririwa na W. H. Whiteley na kutoka mwaka 1974 baada ya kifo chake, ndicho msingi wa mengi yanayosemwa juu ya matumizi ya lugha nchini. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ni majibu ya watu juu ya wanavyosema: lugha gani kwa baba, gani kwa mwenye duka, gani kanisani. Mtu hujibu anavyoamini kwamba husema, au anavyotaka asadikiwe kuwa husema. Muuza duka wa Kutus anayetaja Kiswahili kwa fahari huenda akamhudumia mteja anayefuata kwa Kigĩkũyũ kitupu, mbele ya macho ya msaili. Tofauti baina ya taarifa na tendo ingalipaswa kuwa somo la kwanza la taaluma hii, na kwa miaka mingi imekuwa tanbihi.

Tangu 2016 mji huu una chuo kikuu kamili, Kirinyaga University, na hojaji hazitoki tena Nairobi wala ng'ambo peke yake. Nyingi zimo ndani ya simu, na tarakimu hufika kwenye jedwali kabla msaili hajavuka mtaro. Kasi hiyo imeondoa hata kile kidogo kilichokuwa kikibaki, maandishi ya pambizoni mwa karatasi, ambako msaili mwangalifu aliandika: "Amecheka", au "Amemwuliza mke wake kwanza." Tasnifu huambatisha hojaji ya Kiingereza mwishoni na kusema katika sentensi moja kwamba maswali yalifasiriwa pale ilipohitajika. Ni nani aliyefasiri, kwa lahaja ipi, na kwa neno gani, havisemwi. Mtahini wa takwimu hadai. Mtahini wa lugha hayumo katika jopo.

Kinachodaiwa hakina gharama kubwa. Swali lichapishwe kama lilivyotamkwa, kwa Kigĩkũyũ au Kiswahili, kando ya Kiingereza chake. Maneno matano au sita yanayobeba hoja yafafanuliwe na wenyeji kabla ya usaili, si baada yake. Na kwa Kutus yanajulikana: kazi, kibarua, biashara, shamba, kaya, mapato. Majibu yasiyoingia kwenye safu yatunzwe kama yalivyo. Makala ya 1991 yangesomwa upya kwa manufaa makubwa ikiwa karatasi za wakati ule zingepatikana mahali fulani, zikiwa na wino wa wasaili, na ikaonekana waliandika nini pale mama mmoja aliposema kwamba hafanyi kazi, analima tu.