Koilova Zinazogonga: Sikio Kwanza, Spana Baadaye

Fundi hodari wa miguu ya gari utamjua kabla hajashika spana. Mwambie Subaru yako inagonga tangu ufunge koilova, wala hatauliza ni za kampuni gani. Atauliza inagonga wakati gani: kwenye vijishimo vidogo, ukishuka tuta, ukikata usukani gari limesimama, au ukikanyaga breki? Anayekimbilia jeki kabla ya kuuliza hayo, rudisha funguo mfukoni uage kwa heshima.

Koilova ni shokapu iliyovaa springi yake, mwili wake umechongwa thredi ili kikombe cha springi kipandishwe au kishushwe, na gari nalo lifuate. Wengi wetu huzinunua kwa macho: rangi ya springi, na jinsi gari litakavyolalia tairi. Mimi huzipima kwa sauti, na kwa miaka kadhaa nimegundua kwamba sauti nyingi mbaya humshtaki aliyezifunga, si aliyezitengeneza.

Tuanze na zisizo ubovu. Shokapu ya gesi yenye chumba kimoja, ile iliyobuniwa na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na kutengenezwa kwa wingi na Bilstein miaka ya 1950, husikika ikifoka kidogo pale mafuta yanapopenya kwenye vali. Iache ifoke. Mauntingi ya juu nayo ni habari nyingine. Ya kiwandani ina raba nene inayomeza kelele, lakini koilova nyingi za michezo zina gololi ya chuma ndani ya kikombe cha chuma. Kila kokoto utalisikia, na usukani nao utakujibu papo hapo. Hayo mawili huja pamoja. Ila gololi nzuri haina mchezo hata kidogo ukiitikisa kwa mkono. Vumbi likishaingia huanza kugonga kwenye barabara mbovu, na hapo hakuna grisi itakayoirudishia ujana.

Sasa nati ya juu, ile inayoifunga fimbo ya shokapu kwenye mauntingi, ambayo ndiyo imekula fedha za watu wengi kuliko ubovu wowote ninaoujua. Dalili yake ni mlio mkavu wa kugonga, tak-tak, kwenye vijishimo vidogo na mwendo mdogo, kisha ukimya ukiingia lami nzuri. Fungua boneti, weka kiganja juu ya mauntingi, mwenzako alitikise gari au akate usukani kushoto na kulia. Mlio huo utaupata mkononi kabla haujafika sikioni. Chanzo ni mashine ya upepo: inapokaza nati, fimbo ya shokapu nayo inazunguka, fundi anasikia mlio wa kukaza na kuridhika, kumbe nati haijafika. Anayejua kazi huishika fimbo kwa alenki, akakaza kwa mkono, akamaliza kwa spana ya kupimia nguvu. Asiyejua huibana fimbo kwa koleo, na mchubuko mmoja tu kwenye kromu unatosha kuchana sili na kumwaga mafuta.

Mimi mwenyewe niliwahi kuendesha wiki tatu gari likigonga hivyo. Gereji iliyonifungia ikaapa koilova ni feki, nikaanza kutafuta nyingine. Mzee mmoja, fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alinisikiliza, akatia alenki, nati ikala karibu mzunguko mzima. Akakataa malipo, akataka soda.

Kama mlio wa kugonga unakuja tairi moja likipanda na jingine likishuka, tazama linki za stebilaiza. Gari likishashushwa, linki ya urefu wa zamani hukaa kwa pembe isiyo yake, na chuma cha stebilaiza huanza kukwangua mkono wa chini au ekseli. Weka linki fupi, na zikazwe tairi zote mbili zikiwa usawa mmoja. Bushi nazo zina kanuni ya namna hiyo: bolti zake zikazwe gari likiwa limekaa juu ya tairi. Ukizikaza miguu ikining'inia, raba inabaki imesokotwa siku zote, inalia, kisha inachanika. Na usisahau kwamba springi iliyoandikwa 8 hudai kilo 8 kukandamizwa milimita 1 tu. Ugumu huo huzianika bushi na boljointi zilizochoka ambazo springi laini ya kiwandani ilikuwa ikizifichia aibu.

Sauti ya uzi wa gitaa unapokata usukani ni springi inayojisokota kisha inajiachia. Mbele, kwenye miguu ya MacPherson, springi lazima izunguke pamoja na tairi. Beringi ya juu ikikwama, au ncha ya springi isipokaa kwenye kitako chake, utausikia tu. Inua gari, shika springi kwa mikono miwili: ikichezacheza juu na chini, kikombe kipandishwe mpaka ikae, bila kuibana kupita kiasi, na ringi ya kufungia ikazwe kwa spana yake ya ndoano. Kishindo kizito kwenye shimo kubwa ni bamstopa, ile raba inayozuia shokapu kugota mwisho, ama imekatwa ama haipo.

Dar es Salaam na Mombasa zina adui wa ziada, chumvi. Ringi za aluminiamu juu ya mwili wa chuma huoana kwa kutu, na baada ya mwaka wa uzembe hakuna spana itakayoziachanisha. Osha thredi, zikaushe, zipake nta.

Ukienda kununua zilizotumika kutoka Japani, ziombe mezani, nje ya gari. Sukuma fimbo chini uiachie. Ya gesi yenye shinikizo kubwa hurudi yenyewe, taratibu, mwendo mmoja. Ivute kushoto na kulia, isicheze. Zungusha kitufe cha ugumu ukihesabu milio yake ya tik, na hesabu ya kushoto ilingane na ya kulia. Fimbo ikikwama katikati, au ikitoka na utando wa mafuta, iache hapo mezani, hata kama springi yake ina rangi uliyoiota.