Heko, Madaktari Wasaidizi

Mama anayefikishwa hospitali ya wilaya usiku wa manane, uchungu umekwama na mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, haulizi cheti cha anayevaa glovu. Tanzania, kwa miaka mingi, mvaaji huyo mara nyingi amekuwa daktari msaidizi: mtu aliyesomea utabibu miaka 3, akatumikia wagonjwa, kisha akarudi darasani miaka 2 zaidi. Shahada ya udaktari hana. Kisu anakijua.

Utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma, ukachapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi ilikuwa mikononi mwao, na matokeo yao hayakupishana sana na ya madaktari wenye shahada. Basi tusiwasifie huruma tu (nayo wanayo), tuwasifie ufundi. Na sifa bila masilahi ni maneno matupu: kazi ikishakuwa ileile, pengo la malipo linahitaji maelezo.

Heko pia kwa muuguzi aliye kando ya meza, anayehesabu shashi moja moja kabla tumbo halijashonwa, na kukataa kuharakishwa.