Kuinama Kabla ya Kung'ata: Mchezo wa Watoto wa Mbwamwitu

Watoto wa mbwamwitu wa kijivu wanapokabana shingo na kuangushana, wengi husema wanajifunza kuwinda. Huenda ni kweli, ila maelezo hayo yanaruka jambo kubwa zaidi. Mtoto anayemng'ata nduguye na kutikisa kichwa kwa kasi kulia na kushoto anafanya kitendo kilekile kinachoua windo. Nduguye anajuaje kwamba hashambuliwi?

Mtafiti Marc Bekoff wa Marekani alilijibu swali hilo mwaka 1995 kwa kazi ya subira: kuchambua tendo baada ya tendo michezo ya watoto wa mbwamwitu, wa mbwa wa kufugwa na wa koyote, jamaa wa mbwamwitu. Alichofuatilia ni kule kuinama kunakojulikana hata kwa mbwa wa nyumbani, viwiko vya mbele chini na makalio juu. Kungekuwa kujinyoosha tu, kungetokea ovyo ovyo. Bekoff alikuta kumekusanyika kabla tu au mara baada ya kung'ata kwa kutikisa kichwa, pale hasa ambapo mtoto aliyeng'atwa angeweza kuelewa vibaya. Tena koyote, ambao tangu utotoni ni wakali na hupigania cheo, ndio walioinama zaidi. Ushahidi huo naupa uzito kuliko wote, maana penye hatari ya ugomvi ndipo ishara ilipozidi. Mwindaji hana haja ya kulieleza windo nia yake.

Wanaopinga kwamba kuinama hueleza nia ya kucheza nao wana hoja. Uchunguzi wa mwaka 2016 juu ya mbwa wakubwa wa kufugwa ulionyesha kuwa kuinama hufuata zaidi vituo vifupi vya mchezo, kama mwaliko wa kuendelea. Sawa, basi ishara haina kazi moja; lakini mwaliko nao ni kuelezana nia. Pingamizi zito zaidi linatokana na mbwamwitu waliochunguzwa Austria, nalo lilitolewa mwaka huohuo: wakubwa wanapocheza na watoto hawajishushi ili wawe sawa nao. Anayeuona mchezo kuwa uwanja wa usawa amekosea. Hata hivyo, utafiti uleule ulikuta watoto kwa watoto wakicheza kwa usawa zaidi, na hao ndio wanaohusika hapa. Kundi la porini kwa kawaida ni wazazi na watoto wao, kama mtafiti wa mbwamwitu David Mech alivyoeleza mwaka 1999, na mtoto anaweza kuishi na ndugu zake hao mwaka mzima au zaidi kabla ya kuondoka kutafuta mwenza; ndiyo maana kuelewana nao ni muhimu.